Nasaha za Kumchagulia Mtoto Chaneli

Mzazi mwenzangu, ukimkabidhi mtoto simu, umemkabidhi pia kwa watu usiowajua: anayeimba, anayechora, anayeuza. Hao watamfundisha maneno, mizaha na hata namna ya kukasirika, upende usipende. Kuchagua chaneli basi ni sehemu ya malezi, na malezi hayana wakala. Zishike nasaha hizi.

Ya kwanza: usiiamini katuni kwa sura yake. Mwaka 2017 wazazi wa nchi nyingi waligundua video zenye wahusika wanaopendwa na watoto, akina Elsa, Spider-Man na Peppa Pig, wakidungwa sindano, wakitishwa na kuteswa. Peppa alionyeshwa kwa daktari wa meno aliyegeuka mtesaji. Baadhi ya video hizo zilipenya hadi YouTube Kids, programu iliyoanzishwa mwaka 2015 mahsusi kwa watoto. Zilipenya kwa sababu mashine inayopendekeza video husoma majina na kuhesabu watazamaji. Maana ya kinachoonyeshwa inaipita. Mtoto naye hubonyeza sura anayoifahamu. Wenye tamaa walizijua tabia hizo mbili wakazifanyia biashara.

Ya pili: ielewe alama kabla ya kuitegemea. Ukiona video imeandikwa kuwa ni ya watoto, ujue asili ya maandishi hayo. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kwa tuhuma za kuivunja, na tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli hutakiwa kutamka kama video zake zinalenga watoto. Zikilenga watoto, sehemu ya maoni hufungwa na matangazo yanayofuata nyendo za mtazamaji huzuiwa. Hilo ni jambo jema, lakini mtamkaji ni mwenye chaneli mwenyewe, na anachokitamka ni nani anayelengwa. Kama video ina adabu au haina, alama hiyo haisemi. Idadi ya watazamaji nayo isikubabaishe: mtoto wa miaka miwili akirudia wimbo mmoja kutwa nzima, hesabu hupanda na wimbo unabaki ule ule.

Ya tatu: muulizie mwenye mali. Wahenga waliposema usione vyaelea, vimeundwa, walitaka tuheshimu jasho la fundi. Hapa msemo huo utufae kwa kumtafuta fundi mwenyewe. Ni nani, yuko wapi, anapata riziki kwa njia gani? Ubongo, shirika lililoanzia Dar es Salaam, lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, likaongeza Akili and Me kwa ajili ya wadogo ambao hawajaanza shule. Jina lake linajulikana, lengo lake limeandikwa, na mzazi ana pa kupeleka swali. Linganisha na chaneli za kufungua vitu vya kuchezea. Mtoto wa Ryan's World, iliyoanza mwaka 2015, alitajwa na jarida la Forbes kuwa kinara wa mapato ya YouTube mwaka 2018, kwa dola milioni 22. Mwaka uliofuata shirika moja la Marekani linalofuatilia matangazo lililalamika kwamba kwenye chaneli hiyo wadogo walikuwa wakiuziwa bidhaa bila kutambua kuwa wanatazama tangazo. Furaha ya mwenzao kwenye video huwa kilio cha mtoto wako dukani.

Ya nne: mtazame mtoto aliyemo ndani ya video. Anacheza, au anachezewa? Je, kilio chake kimefanywa kichekesho? Huko Utah, Marekani, Ruby Franke aliendesha chaneli ya familia, 8 Passengers, akitoa mawaidha ya kulea mbele ya wafuasi zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 ilisikika kwenye video kwamba mwanawe alinyang'anywa chumba kwa miezi kadhaa kama adhabu. Baadhi ya watazamaji wakapaza sauti. Mwaka 2024 mama huyo alihukumiwa kifungo kwa kuwatesa watoto wake. Dalili zilikuwa hadharani. Tabasamu la familia lisikufumbe macho.

Ya tano: tazama mwenyewe, hadi mwisho, sauti ikiwa wazi. Chagua video ya zamani, mpya kabisa na iliyotazamwa kuliko zote, maana chaneli huuzwa na kubadili mwendo. Sikiliza mtoto anavyomjibu mama yake humo, mlemavu anavyotajwa, kofi linavyochekewa. Usilegee kwa kuwa ni Kiswahili: vichekesho vyetu vingi vimetengenezwa kwa watu wazima, na tusi la nyumbani hunasa ulimini upesi kuliko la ugenini. Kisha mwangalie mwanao simu ikizimwa. Akiimba alichojifunza, ni heri. Akimpiga mdogo wake kwa kuiga, umeshapata jibu.

Ya sita: punguza milango. YouTube Kids humruhusu mzazi kuidhinisha chaneli moja moja, na mtoto asione nyingine. Zima uchezaji wa video mfululizo. Uwe na kiasi pia: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo ya mwaka 2019, halipendekezi skrini kwa walio chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne halitaki izidi saa moja kwa siku. Chaneli nzuri ikizidi nayo humnyima mtoto usingizi na mchezo wa uani.

Ya saba: tunza adabu na watu. Usimfungulie video mtoto wa jirani kabla ya kuomba ruhusa kwa mamaye. Usimgombeze bibi wala dada wa kazi kwa chaneli ambayo hukuwahi kumkataza. Keti naye, mwonyeshe ulizokubali na sababu zake. Mtoto naye usimpokonye simu kwa hasira: mwambie imetosha, mwachie amalize kipande, kisha mpe la kufanya.

Ukipima ukabaki na shaka, zuia. Ukikosea kwa kuzuia, kesho utaruhusu na mtoto hatakuwa amepungukiwa na kitu. Ukikosea kwa kuruhusu, video utaifuta kwenye simu, lakini alichokwisha kukiona huna pa kukifutia.