Kifafa ni Kosa la Nani?

Wanafunzi wa Bwana Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza dhambi ni ya nani, yake mwenyewe au ya wazazi wake (Yohana 9). Swali hilo halijafa. Hata kwetu Singida, mtoto akianguka kwa kifafa, wako waulizao vivyo hivyo: Wazee wake walikosa nini? Nani amemroga? Wengine huogopa povu la kinywa chake, wasimguse hata akiangukia motoni. Akikua hutengewa bakuli lake peke yake. Na hata mezani pa Bwana wako wanaosita kukipokea kikombe baada yake.

Twasoma katika Marko 9 habari za kijana aliyeteswa na pepo, wala hatulikani neno hilo. Lakini Mathayo 4:24 hutaja wenye pepo mbali, na wenye kifafa mbali. Basi Maandiko yenyewe hayatupi ruhusa ya kusema kwamba kila aangukaye ana pepo.

Sasa tusikilize habari za jirani zetu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 katika nchi ya Mbulu, si mbali na mpaka wetu. Huko Andrea Winkler, tabibu wa magonjwa ya ubongo, pamoja na wenzake, waliwachunguza wagonjwa wa kifafa kwa picha za ndani ya kichwa, wakatoa taarifa mwaka 2009. Katika bongo za baadhi yao yalionekana makovu na vifuko vya mnyoo uitwao tegu.

Njia yake ni hii. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo huyo, nayo haikuiva, tegu hukua tumboni mwake, pengine asijisikie mgonjwa kabisa. Mayai hutoka pamoja na kinyesi chake. Asipotumia choo cha shimo, wala kunawa mikono, mayai hayo huingia katika maji na chakula cha wengine. Mtu akiyameza, watoto wa mnyoo huchukuliwa na damu hata ubongoni, wakajifunga humo katika vifuko, wakakaa kimya pengine miaka mingi. Mnyoo afapo, nguvu za mwili zinazopigana na magonjwa humshambulia, na ubongo ulio kando yake huvimba kwa mapigano hayo. Mara nyingi ndipo kifafa huanza.

Tazameni, ndugu, jinsi swali letu lilivyogeuka. Mgonjwa wa namna hii huenda hajaonja nyama ya nguruwe maisha yake yote. Yule tuliyemwuliza amekosa nini, ndiye aliyedhurika kwa uchafu wa kijiji.

Si kila kifafa kina asili hii. Kingine hutoka katika kuumia wakati wa kuzaliwa, au malaria iliyopanda kichwani, au pigo la kichwa. Lakini hakuna kifafa kiambukizacho kwa povu la kinywa.

Je, sasa tumtafute mwenye tegu ili tumlaumu yeye? Hasha! Huyo naye hakujua, na pengine ni mama apikaye kwa upendo. Tukifanya hivyo tutakuwa tumebadili mshitakiwa tu, na moyo wetu ni ule ule. Bwana hakuwajibu wanafunzi wake kwa kumtaja mkosaji; aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyopasa kutendwa kungali mchana. Nayo Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ikieleza amri ya tano, haikomei katika kukataza kuua. Yatuagiza pia kumsaidia jirani katika shida za mwili wake.

Kwa hiyo kuchimba choo, kufunga nguruwe bandani, kupika nyama hata iive, na kunawa mikono, ni matendo ya upendo kwa jirani. Aangukaye na aondolewe motoni upesi, alazwe kwa ubavu, wala asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali, naye ameze dawa kila siku kama alivyoagizwa, asiiache kwa sababu ameombewa. Maana sala na dawa hazigombani. Nanyi walimu, mketisheni pamoja na wenzake, na kikombe kiwe kimoja.

Asiyejua ana udhuru. Sisi tumekwisha kujua. Na Yakobo 4:17 yatufundisha kwamba ajuaye mema asiyatende, kwake huyo ni dhambi. Bwana atupe mikono iliyo tayari.