Daftari Lisemalo Kweli

Yawezekanaje kitabu kisiwe na uongo hata mstari mmoja, kisha kikatumiwa kuihalalisha dhuluma? Wako wadhanio kwamba haki ya ardhi huzaliwa pale karani anapokausha wino. Natutazame yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1812 Serikali ya nchi hiyo iliunda Ofisi Kuu ya Ardhi chini ya Wizara ya Fedha. Kazi yake ilikuwa kuuza ardhi ya umma na kutunza daftari za mauzo: kipande gani, ekari ngapi, nani amenunua, lini, kwa bei gani. Tangu 1820 bei ya chini ilikuwa dola moja na senti 25 kwa ekari, fedha taslimu. Askari wa vita vya 1812 waliahidiwa ekari 160 kila mmoja. Na katika Illinois, baina ya mito Illinois na Mississippi, zikatengwa ekari zipatazo milioni tatu na nusu kwa ajili yao. Vipande viligawiwa kwa kura. Askari wengi hawakufika kamwe kuviona; waliviuza kwa walanguzi kwa bei ndogo. Hayo nayo yaliandikwa.

Kazi hiyo yastahili heshima. Sisi tuliokwisha kulitafuta jina la mtu katika kitabu cha ubatizo kilicholiwa na mchwa, twaijua thamani ya karani mwaminifu.

Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1804, huko St. Louis, Wasauk wachache wasiotumwa na baraza lao walitia alama kwenye mkataba wa kuitoa ardhi kubwa mno, kwa bidhaa za dola zaidi kidogo ya elfu mbili na malipo ya dola elfu moja kwa mwaka. Mkataba uliwaruhusu kukaa na kuwinda humo maadamu ardhi ingali mali ya Serikali. Maana yake, siku kiwanja kitakapoandikwa jina la mnunuzi, ruhusa imekwisha. Kalamu ya karani ikawa ndiyo amri ya kuhama.

Mzee wao Black Hawk alishika kwamba ardhi si kitu cha kuuzwa, kwani chaweza kuuzwa kile tu kichukulikacho. Hoja hiyo haikuwa na safu yake katika daftari.

Je, karani alitenda dhambi? Sidhani, aliandika alicholetewa. Mwenye lawama ni yule aliyejificha nyuma ya kitabu akisema, "Hati ninayo," asiulize aliyempa aliipata wapi. Kunyamaza kwa daftari kulimfaa.

Tena daftari lile lile lamshtaki. Katika majira ya baridi ya 1828 kuingia 1829, Wasauk wakiwa mawindoni, walowezi waliingia kijijini Saukenuk, kaskazini ya ardhi ya askari, wakashika nyumba na mashamba yao ya mahindi. Mnada wa ardhi ya hapo ulifanywa baadaye, mwaka huo wa 1829. Basi hata kwa sheria yao wenyewe waliingia katika ardhi isiyokwisha kuuzwa, na tarehe za mauzo zathibitisha hivyo. Mwaka 1832 Black Hawk alivuka mto kurudi na watu wake. Mwezi wa Agosti, kwenye mto Bad Axe, wengi wao waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo.