Bunduki ya Nyumba na Mchezo wa Vigae

Chombo kilichowekwa nyumbani kwa ajili ya siku ya hatari, je, ni haki kukichezea siku ya furaha? Kama ningeulizwa swali hili nikiwa bado nashika chaki, ningejibu mara moja kwamba si haki, na wanafunzi wangeandika katika madaftari yao. Leo jibu langu ni refu zaidi, maana nimekwisha kucheza.

Ninayo shotigani moja ya namba 12, yenye mtutu mfupi. Nilipoiombea leseni nilitaja sababu mbili: kulinda nyumba na kulinda mahindi. Kwa mkulima wa Sindeni sababu ya pili haihitaji maelezo. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwenda. Mchezo sikuutaja. Sheria ya silaha ya mwaka 1991, na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, zote zinadai leseni. Lakini kama leseni yangu iliruhusu mchezo, sikwenda kuuliza. Mtu huacha kuuliza anapoliogopa jibu.

Mchezo wenyewe niliujua kwa mjukuu wangu, aliyekuja likizo baada ya mavuno ya mwaka 2019. Ulimwenguni hurushwa visahani vyenye upana wa milimita 110, viitwavyo vya udongo ingawa siku hizi hutengenezwa kwa lami na chokaa, na mchezaji huvivunja hewani kwa marisau. Zamani walirushwa njiwa hai. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa waliuawa. Kwa hiyo kigae kina huruma yake. Mwaka 2004, huko Athens, Ahmed Al Maktoum wa Dubai aliwapatia Falme za Kiarabu medali yao ya kwanza ya Olimpiki kwa mchezo huu.

“Babu,” akasema mjukuu wangu, “mlinzi asiyefanya mazoezi ni hatari kwa anaowalinda.” Hoja hiyo ilinishinda, au tuseme nilitaka inishinde. Tukakusanya vyungu vibovu, tukaenda nyuma ya shamba ambako hakuna njia wala nyumba, yeye akirusha nami nikilenga. Siku ya kwanza niliambulia kigae kimoja katika kumi. Siku ya nne nilivunja vinne, nikapiga kelele kama mtoto, mzee wa miaka 70. Siri yake ni moja: usisimame kutazama. Mtutu ufuate kigae, ukitangulie kidogo, na kidole kivute mkono ukiwa bado unakwenda.

Majuma mawili baadaye, usiku, mbwa alibweka. Nilifungua mlango nikiwa na bunduki. Kivuli kikachomoka karibu na pipa la maji, kikakimbilia upande wa mwembe. Sikumbuki kuamua lolote. Kitako kilikuwa begani tayari, mtutu ukikifuata kivuli, kisha ukakitangulia kidogo.

“Shikamoo, Mwalimu!”

Alikuwa kijana wa jirani. Wakati wa kiangazi maji kwetu ni shida, naye alikuja kuchota katika pipa langu bila kuomba. Ndoo ilikuwa imemponyoka. Nami, bunduki ikiwa bado begani, nikaitikia, “Marahaba.”

Tangu usiku ule nimewaza sana. Kigae hakina jina wala mama. Anayekisubiri ajue ni nani, amekikosa. Ulinzi kwa upande wake ni kule kusubiri hasa: wewe nani, unataka nini, nyuma yako kuna nani? Mimi nilikuwa nimetumia siku nne kuufundisha mkono wangu usiulize. Tena wachezaji wa kweli, wakiwa hawalengi, huzikunja bunduki zao wazi ili kila mtu aone kwamba hazina risasi. Yangu hulala imefungwa, gizani, na kujua kilichomo ndani ni mimi peke yangu.

Nilipomsimulia mjukuu wangu, hakukubali. Anasema mkono usiozoea ungefyatua kwa hofu tu, na kwamba ni mazoezi yaliyokizuia kidole changu. Huenda. Nimejaribu kukumbuka kama kidole kilikuwa juu ya kifyatulio au pembeni, na kila nikikumbuka napata jibu tofauti. Kwa hiyo sijamshinda; nimekataa tu kurudi kule nyuma ya shamba, naye huniona mkaidi.

Vyungu vilivyobaki bado vimerundikwa kando ya banda la kuku. Yule kijana nilimruhusu kuchota maji. Huja mchana, na shikamoo yake huanzia mbali kule barabarani, kwa sauti kubwa, na hasogei mpaka nimeitikia.