Mzee Asitengwe na Jamaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mwanadamu katika udhaifu wa utoto akampa nguvu, kisha akamrejeza katika udhaifu na mvi. Na Sala na Salamu zimshukie Mtume Muhammad, na Ali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika Sura ya Nahl, Aya ya 70, na katika Sura ya Hajj, Aya ya 5, Mwenyezi Mungu amekhubiri kwamba miongoni mwa watu yuko arejezwaye katika umri dhalili, hata akawa hajui kitu baada ya kuwa alikijua. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Basi jambo ambalo Mtume aliliombea kinga si jambo la kuchekwa barazani, wala si la kunyamaziwa majumbani. Na mwenye kuomba kinga hakatazwi kushika sababu, kama vile mwenye kumtegemea Mungu asivyokatazwa kumfunga ngamia wake.

Na haya hutokea katika mitaa ya mwambao, na kila msomaji atayatambua. Mzee aliyesoma chuoni, akasafiri na majahazi kwa kaskazi na kusi, alikuwa hakosi safu ya kwanza. Mkewe akafa. Kisha masikio yakawa mazito. Siku moja darsani akaulizwa jambo, akajibu lisiloulizwa, vijana wakacheka. Siku ya pili hakuja. Watu wa nyumbani wakasema: “Mzee na apumzike.” Wakampelekea chakula chumbani, wakamzuia kutoka ili asije akaanguka ngazini. Mwaka haukwisha akawa hatambui Ijumaa na Jumamosi, na mwanawe akamwita kwa jina la ndugu aliyekwisha kufa. Watu wakasema: “Uzee huo.” Hapana shaka uzee umo, walakini imo pia kazi ya mikono ya watu.

Matabibu wa zama hizi wanasema kwamba maradhi ya kupotewa na akili, wayaitayo demensia, si sehemu ya lazima ya uzee. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 ambayo, lau yangeondolewa yote, karibu asilimia 45 ya maradhi hayo yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni uziwi, udhaifu wa macho usiotibiwa, shindikizo la damu, kisukari, mwili kukaa bila ya harakati, na upweke. Na katika nchi ya Finland walichukuliwa watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77. Nusu yao wakapewa nasaha za kawaida tu, na nusu wakaangaliwa chakula chao na damu yao, wakafanyishwa mazoezi ya mwili na ya akili, mengine kwa makundi. Baada ya miaka 2 akili za hawa zilionekana bora kuliko za wenzao. Na khabari hiyo ilitangazwa mwaka 2015.

Mwenye kuzingatia ataona kwamba mambo mengi ya namna hiyo yamekusanyika katika jamaa ya Kiislamu. Mzee aitikiaye adhana hutembea, hutawadha, huinama na kuinuka, husikiliza kisomo, hupokea salamu na kuulizwa khabari, mara 5 kwa siku. Sala ya jamaa imeizidi Sala ya peke yake kwa daraja 27, na waja huitaka kwa ajili ya thawabu. Na pamoja na thawabu Mola amewatilia manufaa mengine ndani yake. Kadhalika darsa ya tafsiri baada ya Alasiri katika Ramadhani, na halaka ya Kurani ambamo kila mtu husoma fungu lake na wenziwe wakamsikiliza na kumrudi. Mtume mwenyewe alikuwa akidurusu Kurani na Jibrili kila Ramadhani, na katika mwaka aliokufa alidurusu naye mara 2. Basi nani atakayesema kwamba mtu mzima hana haja tena ya kudurusu?

Na baraza nayo ina fadhila yake, maadamu haina usengenyaji. Ama bao, wanazuoni wa Kishafii wamepambanua baina ya mchezo wa dado, ambao wameuharimisha, na mchezo wa hisabu na fikira kama sataranji, ambao wameukirihi bila ya kuuharimisha, kwa sharti usiwe na kamari wala usipitishe wakati wa Sala. Na bao halina dado: ni kete 64 na mashimo 32, na ushindi wake ni wa hisabu.

Basi yapasa kijana wa jirani ampitie mzee kabla ya adhana na kumshika mkono. Yapasa mwenye kusomesha amkalishe karibu naye, aseme kwa uwazi, na asimwache mtu kumcheka. Yapasa mwana ampeleke babake kwa tabibu wa masikio na wa macho. Tena apewe kazi, si kiti peke yake: asikilize watoto wa chuo wakisoma juzuu zao, aulizwe nasaba za watu, majina ya nyota, na hisabu ya Nairuzi. Kisichoulizwa husahauliwa na mwenyewe.

Haya hayamaanishi kwamba kila apotewaye na akili alipuuzwa. Kwani wako waliohudumiwa vyema na bado wakafikwa, nayo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na huyo heshima yake haipungui hata kidogo.

Na akiwa hawezi tena kutoka? Itbani bin Maliki alikuwa imamu wa watu wake, macho yake yakadhoofika, na mvua ikinyesha bonde humzuia kufika msikitini. Akamwomba Mtume aje asali nyumbani kwake. Mtume hakumwambia apumzike. Alikwenda pamoja na Abu Bakri jua lilipopanda, akauliza mahali apendapo mwenye nyumba, akasali hapo rakaa 2, na watu wa mtaa wakakusanyika wakajaa nyumbani. Basi asiyeweza kuifikia jamaa, jamaa na imfikie.

Ewe Mola, zihifadhi akili za wazee wetu, na usitujaalie kuwa sababu ya upweke wao. Amin.