Kalamu ya Ijara

Mtu anayeandika kwa ijara bila ya kuajiriwa na yeyote hufanana sana na mvuvi wa Msambweni. Mvuvi hana mshahara wa mwezi. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi, hupata. Pepo za kusi zikivuma, dau hupandishwa mchangani na watoto hungoja. Mwandishi wa namna hii naye hula alichopata: leo makala ya gazeti, kesho tangazo la hoteli ya Diani, kesho kutwa hana kitu. Watu humwita mwandishi huru. Jina ni zuri, lakini, msomaji, usilipokee upesi. Mwenye bwana mmoja humtii mmoja. Mwenye mabwana ishirini huenda akawatii wote ishirini.

Katika maisha yake nataka uangalie jambo moja: neno likisha kuuzwa, dhima yake ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina majibu mawili. Kwanza, maandishi yaliyoagizwa huhesabiwa kuwa mali ya aliyeyaagiza, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vingine. Pili, hata baada ya mali kuhama, mtungaji hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga. Mali yaweza kwenda, ubaba ukabaki. Wanasheria walikuwa wakifikiria haki. Mimi naona kuwa anayebaki baba kwa haki hubaki baba kwa lawama pia.

Chukua kazi ambayo vijana wengi wa Kenya waliohitimu vyuo vikuu wameifanya kwa miaka mingi, nayo ni kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mfikirie mmoja wao katika chumba cha kupanga huko Ukunda. Saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane, kwa hiyo kazi humjia usiku. Jirani zake wanapolala yeye anasoma uchumi, uuguzi au historia ya nchi asiyopata kuiona, anaandika kurasa kumi kabla ya alfajiri, na asubuhi kurasa hizo zinapelekwa kwa mwalimu kwa jina la mtu mwingine. Yeye hulipwa kwa ukurasa. Yule mwingine hupata shahada.

Ukimuuliza, atakujibu kwamba mhunzi hashtakiwi kwa kisu alichokifua. Jibu hili lina nguvu, wala si haki kulicheka. Lakini mhunzi hajui kisu kitakwenda wapi. Chaweza kukata mkate au koo. Mwandishi wa insha ameambiwa tangu mwanzo: somo ni hili, chuo ni kile, mwalimu anataka hivi. Anajua nani atadanganywa, na kwa maneno gani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2022, imefanya kuwa kosa kuwauzia wanafunzi wa huko kazi hizo.

Wala usidhani kuwa ubaya uko katika kuficha jina. Zamani, wajuao kusoma walipokuwa wachache, mzee aliyetaka kumpelekea salamu mwanawe aliye Mombasa au Unguja alimwendea mwandishi wa barua, akamlipa, akasema, na mwingine akaandika. Jina la mwandishi halikutajwa na hakuna aliyedanganyika. Mkono ulikuwa wa kukodi. Maneno yalikuwa ya mzee, na mwana alijua hivyo.

Hata hivyo, mimi niliye mwalimu siwezi kumlaumu kijana wa Ukunda peke yake. Anayejua uuguzi ndiye aliyekesha, na anayetambuliwa kuwa mjuzi ndiye aliyelala. Ulimwengu unaolipa cheti kuliko elimu umemdhulumu kijana huyu kabla yeye hajamdhulumu mtu. Siku moja mgonjwa atalazwa mbele ya muuguzi ambaye hakusoma alichodai kusoma, naye huyo mgonjwa hakuwa na sehemu katika mapatano.

Utasema, basi na akatae. Kukataa kuna gharama. Kodi ya chumba haingoji. Kwa sababu hiyo wengi walioandika walilotaka walikuwa na riziki pengine. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, mwendo usio mrefu kutoka Vanga, aliandika vitabu vyake vingi akiwa mtumishi wa serikali. Mwandishi wa Kwale mwenye minazi michache au mbuzi wa kuuza aweza kumwambia mwenye hoteli kwamba hatauita ufuko mtupu pahali ambapo wavuvi hukausha nyavu zao. Asiye na minazi itampasa kuhesabu kwanza.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 mashine zenye kutunga maneno zimeingia sokoni, na insha nyingi za kukesha zimehamia huko. Kazi iliyobaki ni ile ya kwenda mwenyewe: kumsikiliza mama wa Gazi akieleza jinsi mikoko inavyopandwa, au mzee wa Kinondo akieleza kwa nini mti wa kaya haukatwi. Nauli ni ya mwandishi, na mhariri hulipa baada ya kuchapa, pengine mwezi wa tatu.