Nia ya Carl Schlechter

Nimeurudia mara nyingi mchezo wa 10 wa pambano la sataranji la mwaka 1910, barazani Tanga baada ya sala ya isha, na kila nikifika pale Carl Schlechter anapoitoa ngome yake ili amwandame mfalme wa Emanuel Lasker, nasita kuisogeza kete. Alikusudia nini?

Lasker, Mjerumani, mwanahisabati na mwanafalsafa, alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji tangu 1894. Alikubali kupambana na Schlechter wa Vienna kwa michezo 10 tu, mitano Vienna na mitano Berlin. Minne ya mwanzo ilikwisha sare. Katika wa tano Lasker alikuwa na hali nzuri zaidi, akateleza, akashindwa. Zikafuata sare nyingine nne. Basi Schlechter aliingia mchezo wa mwisho akiwa mbele kwa pointi moja, naye ndiye aliyesifika Ulaya nzima kwa wepesi wa kukubali sare. Akiipata moja zaidi, anamaliza mshindi. Hakuitafuta. Alishambulia, akaikosa njia ya ushindi, na hata hapo malkia wake bado angeweza kumtishia mfalme mfululizo mpaka sare ipatikane. Akaipita na njia hiyo. Baada ya hatua 71 akashindwa, mambo yakawa 5–5, na Lasker akabaki na taji mpaka Capablanca alipomvua kule Havana mwaka 1921.

Wapo wanahistoria wanaosema masharti yalimtaka mpinzani ashinde kwa tofauti ya pointi mbili. Wengine wanakataa, na ubishi haujaisha. Kama sharti lilikuwepo, Schlechter hakuwa na hiari. Kama halikuwepo, huenda aliona haya kubeba ubingwa uliotokana na kuteleza kwa mwenzake. Hatua ni zilezile 71, lakini kitendo si kimoja. Tangu chuoni tumefundishwa kuwa amali hupimwa kwa nia. Na huu mchezo usio na karata ya kufichwa, ambao kila kete iko wazi kwa wote wawili, unaificha nia tu.

Rafiki yangu mwalimu wa historia hataki kusikia habari za nia pasipo hati. Namheshimu kwa hilo. Ila mwenendo wa mtu nao ni ushahidi. Inasimuliwa kwamba mpinzani akichelewa, Schlechter aliiacha saa yake mwenyewe iende kwa dakika zilezile. Aliyekataa faida ya dakika, sishangai akikataa faida ya pointi. Najua hii ni dhana, na dhana si elimu. Lakini dini yangu inanitaka nitangulize dhana njema kwa mja ambaye moyo wake siuoni, na sijaona pahala iliposema awe wa dini yangu.

Hakupata tena nafasi ya kugombea ubingwa. Alifariki Budapest mwezi Desemba 1918, akiwa na miaka 44, mwili umedhoofu kwa njaa iliyoletwa na vita.

Hati ikipatikana kesho, na sharti la pointi mbili limo ndani yake, rafiki yangu atakuwa ameshinda ubishi wetu, nami nitamkubalia bila kinyongo. Nitamuuliza moja tu: hati hiyo inatuambia Schlechter angecheza vipi lau sharti lisingekuwepo?