Tunaosha miguu mara tano, tunaitazama mara ngapi?

  

Makala hii nilipaswa kuiandika zamani. Nimekuwa nikiiahirisha kwa sababu inaanza na kosa langu mwenyewe.

Puge iko kwenye barabara ya Tabora kwenda Nzega, karibu nusu ya njia. Likizo moja nilikuwa huko, na baada ya sala ya Alasiri mzee mmoja, mkulima, akanifuata barazani pa msikiti. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Akaniuliza, "Mwalimu, mguu huu nautawadha vipi? Nikiulowesha, kidonda hakikauki." Nikafurahi, maana swali lilikuwa jepesi na nilikuwa nimelisomesha darasani wiki chache kabla. Nikamweleza hukumu ya jabira: aoshe sehemu iliyo salama, apanguse maji juu ya bandeji, na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, atayamamu kwa ajili ya kile kilichofunikwa. Na ikiwa hata kupangusa kunamdhuru, aache, tayamamu inamtosha. Akanishukuru, akaniombea dua, akaondoka akichechemea kidogo.

Jibu lile lilikuwa sahihi, na hadi leo sijaona kosa ndani yake. Lakini sikumwambia afungue kitambaa. Sikumuuliza kidonda kina muda gani, na kumbe kilikuwa na wiki ya sita. Sikumuuliza kama kinamuuma, na kumbe hakikumuuma kabisa, jambo lililokuwa la kutisha kuliko yote. Wala sikumuuliza kama ana kisukari, ingawa hapo asingekuwa na jibu, kwani alikuwa hajawahi kupimwa. Alikuwa akimwagia unga wa vidonge vya rangi mbili alivyonunua dukani, na jirani alishamnong'oneza kuwa amekanyaga tego. Miezi miwili baadaye mguu ule ulikatwa chini ya goti.

Sisi walimu tunaipenda sana ile hadithi ya Jabir (RA) iliyopokewa na Abu Dawud, ya mtu aliyepigwa jiwe kichwani safarini akapasuka, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa na hali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopewa habari aliwakemea vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawafundisha kuwa mtu asiyejua, ponyo lake ni kuuliza. Hadithi hii huwa tunaitumia kuwapiga wanaotoa fatwa bila elimu. Mimi elimu ya ile fatwa nilikuwa nayo. Kilichonishinda ni kuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Katika aya ya 6 ya Suratul Maidah Allah (SW) ametuamuru kuosha miguu hadi vifundoni tunapoiendea sala. Muislamu anayeswali hukutana na miguu yake mara tano kwa siku. Ni watu gani wengine duniani waliopewa nafasi kama hiyo? Daktari akimwambia mgonjwa wa kisukari aiangalie miguu yake kila siku, anamwomba kitu kidogo kuliko anachokifanya muadhini wetu kila alfajiri. Na bado tunazidiwa, kwa sababu tunamwaga maji huku macho yako kwa anayepita barabarani.

Mtume (SAW) hakuridhika na udhu wa namna hiyo. Abdullah bin Amr (RA) anasimulia kuwa walikuwa safarini, Alasiri ikawabana, wakawa wanapitisha maji miguuni kwa haraka. Mtume (SAW) akapaza sauti, mara mbili au tatu, akiwaonya juu ya visigino na Moto. Laqit bin Sabira (RA) naye alifundishwa kuukamilisha udhu na kupitisha vidole baina ya vidole. Anayetia kidole katikati ya kila vidole viwili vya mguu, kisha akakizungushia kisigino kiganja chake, hawezi kukosa kuhisi ngozi iliyochanika au uvimbe uliotokea jana. Sisemi kuwa hii ndiyo hekima ya sheria, maana hekima yake anaijua Allah. Nasema faida hiyo ipo, na tunaikanyaga.

Na sisi watu wa Tabora miguu tungeijua thamani yake kuliko wengi. Dini hii ilifika Unyamwezi kwa miguu. Wapagazi wetu walibeba pembe na vitambaa, mzigo wa kilo 30 na zaidi mabegani, kati ya Bagamoyo na Tabora, mwendo wa takriban miezi mitatu, kisha wengine wakaendelea hadi Ujiji au wakapinda kaskazini kwenda Usukuma. Mpagazi aliyeumia mguu alikuwa katika hatari ya kuachwa njiani. Nikisoma habari za misafara hiyo huwakumbuka Maswahaba katika vita vya Dhatur-Riqa. Abu Musa al-Ash'ari (RA) ameeleza kuwa walikuwa watu sita wakipokezana ngamia mmoja, miguu ikachubuka, kucha zake zikang'oka, wakaifunga vitambaa, na vita vikapata jina kutokana na vitambaa hivyo.

Njia hizo za misafara zilileta pia funza, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu hakuwa mdudu wa kwetu. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, akalivuka bara zima katika nyayo za watu, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliwakuta watu wa Uzinza wakiwa wameharibiwa viungo na funza. Hadi leo yupo kwenye sakafu za vumbi na mabanda ya mifugo, na anawapata zaidi watoto na wazee wasioweza kuinama. Mwenye funza hastahili kuchekwa. Anastahili kutolewa funza kwa sindano safi ambayo haijatumiwa kwa mwingine, kwa kuwa sindano ya kuazimana huhamisha maradhi ya damu, pepopunda nayo hupenda vidonda vya namna hii. Kisha sakafu yake inyunyiziwe maji, isakafiwe ikiwezekana, na apatiwe viatu.

Viatu ni sunna ambayo hatuisemi sana. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (RA) kuwa Mtume (SAW) alihimiza kuvaa viatu kwa wingi, akimfananisha aliyevaa na mtu aliyepanda mnyama. Mtoto anayecheza peku kwenye udongo wenye kinyesi hupata minyoo ya safura, inayopenya kwenye ngozi ya unyayo na kuishia kumnyonya damu tumboni. Mzazi wa mjini anayemnunulia mwanawe kiatu cha mtumba kinachobana "kwa sababu ni kizuri" naye ajue kuwa mifupa ya mtoto bado ni laini. Na dada zetu wa viatu vyenye ncha kali watakuja kuonana na vidole vilivyopandana na sugu wakifika miaka 50.

Nirudi kwenye kisukari, maana ndicho kinachokata miguu ya watu wazima mijini na sasa hata vijijini. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Huharibu pia mishipa ya damu, kidonda kikakosa chakula cha kukiponya. Mtu anachomwa na msumari asijue, anaingiza mguu kwenye maji ya moto asijue. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania walioumwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Wewe msomaji ukiguswa tu na panya unaruka kitandani. Daktari huyo huyo amekuwa miongoni mwa walioanzisha mafunzo ya kuhudumia miguu ya wenye kisukari, na linalosisitizwa humo ni kwamba sehemu kubwa ya miguu inayokatwa ingeweza kuokolewa kama kidonda kingewahiwa. Ganzi inaweza pia kuwa ya ukoma, hasa ikija na baka lisilohisi. Nao una dawa, na dawa zake ni bure.

Kwa hiyo kidonda kisichouma kisikupe faraja. Mwenye kisukari akipata jeraha la mguu, hata dogo, aende hospitali siku hiyo au kesho yake. Asimwagie unga wa vidonge, majivu wala mafuta ya taa. Na habari ya kukanyaga tego tuiache. Nimewaona watu wakizunguka kwa waganga watatu wakati mguu unaoza, wakapoteza mguu na tauhidi kwa pamoja.

Wapo wanaosema kukatwa kiungo ni kukata tamaa na rehema za Allah. Hao wasome habari za Urwa bin Zubayr, mwanachuoni mkubwa wa Madina, mtoto wa Asmaa binti Abubakar (RA). Alipatwa na maradhi ya kuoza mguu akiwa safarini kwenda kwa Khalifa al-Walid. Matabibu wakamwambia ukatwe kabla haujaharibu mwili mzima, naye akakubali. Alikuwa ameihifadhi Qur'an na Sira ya Mtume (SAW) kuliko wengi wetu, na hakuona kuwa kisu cha tabibu kinapingana na tawakkul.

Nikiulizwa sasa kuhusu miguu, haya ndiyo ninayoyasema. Kucha zisipitishwe siku 40, kama alivyosema Anas (RA), na zikatwe moja kwa moja bila kuchimbwa pembeni, la sivyo huota kwa ndani. Magaga yapakwe mafuta kila usiku, yasikwanguliwe kwa wembe. Mafuta hayo yasiingie kati ya vidole, maana hapo panataka ukavu. Ukitoka kutawadha jikaushe kati ya vidole kama una fangasi. Najua wapo watakaosema kufuta maji ya udhu si vizuri. Imam Nawawi ameeleza rai kadhaa za Mashafii katika hilo, lakini penye haja hakuna ubaya, na fangasi ni haja. Ndala zile mbili za msikitini zinazovaliwa na watu 200 chooni nazo kamati ziziangalie. Anayekwenda Hija na ana kisukari asitembee peku kwenye sakafu iliyopigwa jua, na ndala zake azibebe kwenye mfuko, asizitegemee kuzikuta mlangoni. Mama mjamzito anayevimba miguu, uso na mikono, huku kichwa kinamuuma au haoni vizuri, asiambiwe ni kawaida ya mimba. Apelekwe hospitali mara moja. Na mzee asiyeweza kuuona unyayo wake, mjukuu amtazamie.

Yule mzee alirudi. Nilimkuta msikitini Puge likizo iliyofuata, amekaa kwenye kiti safu ya mwisho, gongo limeegemezwa ukutani. Nikamwamkia, nikakosa la kusema. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, nina swali jingine la udhu. Huu uliokatwa nauosha vipi?"

Nikamjibu kuwa umekatwa juu ya kifundo, kwa hiyo faradhi ya kuuosha imeanguka, hana deni. Akatikisa kichwa, akasema alhamdulillahi. Kisha nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwomba anioneshe ule mwingine.